Wifi yangu ameniapisha nisimwambie mtu

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Pasua hapa Moshi na nashona nguo kibarazani kwangu. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, anaweza kukaa njiani siku kumi na zaidi. Ninayekuandikia habari zake ni mdogo wake wa kike, wifi yangu, ana miaka 24.

Wifi alikuja kwetu mimba ikiwa ya miezi sita. Alikuwa chuo, aliyempa mimba akaikana, na mama mkwe kule Machame akasema hataki kumwona mpaka hasira zimwishe. Alijifungua salama, mtoto wa kike, sasa ana miezi minne. Unajua kwetu mzazi anakaa ndani miezi mitatu, anapikiwa mtori, anakandwa, hagusi kazi. Mimi nilipozaa, mama mkwe alishuka na mkungu wa ndizi begani akanikalia miezi miwili. Kwa wifi hakuja hata siku moja. Mtori nilimpikia mimi, wiki tatu tu, nikarudi kwenye cherehani kwa sababu nilikuwa na sare za shule za watu.

Nilianza kuona mabadiliko mtoto alipofikisha miezi miwili hivi. Mtoto akilala, yeye yuko macho ameegemea ukuta. Anaweza kushika nepi moja kwenye beseni akaifikicha mpaka maji yanapoa. Chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Ananyonyesha bila kumtazama mtoto. Kliniki ya mwisho nesi alisema uzito haupandi inavyotakiwa.

Siku kumi na moja zilizopita, saa nane usiku, meseji iliingia kwenye simu yangu. Ilitoka kwa wifi, aliyekuwa chumba cha pili. "Wifi mtoto mlee wewe, asipelekwe kwa mama. Nisamehe." Nilikimbia pekupeku. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kanisani, mtoto kamfunga vizuri kwenye kitenge kipya pembeni yake. Tulilia pamoja mpaka adhana ya alfajiri. Aliniambia mtoto atakuwa na maisha mazuri yeye asipokuwepo. Halafu akaniapisha kwa jina la Mungu nisimwambie kaka yake wala mtu yeyote.

Nimejaribu kutafuta msaada kimyakimya. Kwenye simu nilipata namba 988, nikapiga, haikwenda. Nyingine ilikuwa ya Uingereza. Mteja wangu mmoja alinipa namba ya mwanasaikolojia, nimeandika meseji mara nne nikaifuta, sijui naanzaje. Mwingine nilimpigia akasema saa moja ni shilingi 60,000. Kwangu hizo ni sare sita.

Hospitali naogopa. Jirani yetu anafanya usafi kwenye hospitali moja hapa mjini, mtaa mzima utajua kabla sisi hatujarudi, wataanza kusema wifi ni wa kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Tena kuna mtu aliniambia kutaka kujiua ni kosa la jinai, kwamba wakisikia watamkamata. Na mume wangu akijua, najua atakachofanya. Atampeleka kwenye maombi au atampandisha Machame kwa mama siku hiyohiyo.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Tangu juzi wifi amechangamka. Amesuka nywele, amefua kila kitu, jana kacheka na wanangu. Labda imepita. Nikisema sasa, si nitakuwa nimemsaliti bure? Nikinyamaza na likatokea, nitamwambia nini mume wangu?

Nifanyeje mama?

Wifi wa Pasua

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua ya namna hii haisubiri zamu ya kuchapwa, ndiyo maana nilikupigia siku ileile niliyoipokea. Umekubali itoke kwa ajili ya wengine walio kwenye hali kama yako, na tumebadilisha mambo kadhaa ili wifi yako asijulikane. Mengi tumeshayaongea kwenye simu. Nayaandika hapa kwa utulivu zaidi.

Unaniuliza kama uvunje kiapo. Lakini nikiisoma barua yako naona mwanamke ambaye kwa usiku kumi na moja amekuwa mlinzi peke yake, anasikiliza mlango wa chumba cha pili, asubuhi anaamka kushona, na hajui aende kwa nani. Hilo la kuwa peke yako linanipa wasiwasi kuliko hata kiapo.

Naomba nianze na kule kuchangamka. Natamani kuamini kama wewe kwamba imepita, na inawezekana kweli machozi ya usiku ule yalimpunguzia mzigo. Ila sisi tuliokaa na watu wenye huzuni nzito tumejifunza kutofurahia haraka utulivu unaokuja ghafla. Wakati mwingine mtu hutulia kwa sababu ameshaamua. Wewe na mimi hatuwezi kujua kwa kumtazama nywele. Njia iliyopo ni kumuuliza, na kumuuliza waziwazi.

Watu wengi hudhani ukimtajia mtu kifo utamtia wazo kichwani. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na hawakuona kwamba swali linaongeza hatari, na wengi walioulizwa walijisikia wepesi. Kaeni mahali tulivu, mtoto akiwa amelala, umwambie kwa maneno yako, mfano hivi: "Wifi, usiku ule sijausahau. Nakuuliza kwa upendo, mawazo ya kufa bado yanakuja? Umeshapanga utafanyaje?" Halafu unyamaze. Usikimbilie kumwambia "usiseme hivyo, Mungu hapendi", kwa sababu akisikia hivyo atafunga mdomo.

Kuna swali jingine gumu, na nakuomba usiliruke. Usiku ule alimfunga mtoto kwenye kitenge kipya. Huenda alitaka tu umkute mtoto yuko nadhifu. Muulize bila kumlaumu kama mawazo yale yanamgusa na mtoto, na kama kuna sauti anazisikia ambazo wengine hawazisikii. Akisema ndiyo kwa lolote kati ya hayo, au akikwambia ana mpango, mchukue muende hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Mapokezi ya dharura ya hospitali kubwa hayafungwi. Msimwache peke yake njiani wala chooni, na mtoto abebwe na mtu mwingine.

Sasa nikueleze ninachokidhania, ingawa kupima ni kazi ya daktari. Mzazi kulialia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida, na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Kinachozidi hapo, kwa kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kukosa hamu ya kula na kujiona mzigo, mara nyingi ni sonona ya baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema inawapata wazazi wengi, na katika nchi zinazoendelea ni karibu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo wifi yako hajalogwa, wala si mama mbaya, na ana ugonjwa unaotibika.

Ulinigusa uliposimulia habari za mtori. Mtori hautibu sonona, lakini ile miezi mitatu ya kupikiwa na kukandwa ni njia ya wazee wetu ya kumwambia mzazi kwamba ana watu. Wifi yako alijua kabisa nani alishukiwa na mkungu wa ndizi na nani hakushukiwa. Usijilaumu kwa zile wiki tatu. Ulifanya kazi ya mama mkwe, dada na muuguzi kwa mara moja.

Tuje kwenye kiapo. Uliapa katika saa ambayo ungeapa chochote ili aendelee kuishi mpaka asubuhi. Jiulize alikuwa anaogopa nini alipokuapisha. Pengine ni aibu. Pengine ni Machame. Ukijua anachokiogopa, unaweza kumlinda nacho bila kuificha hatari yenyewe. Wapo wanaochagua kusema kwa siri, mwenyewe asijue. Ni haraka, na kukiwa na hatari ya leo hakuna kusubiri ruhusa ya mtu. Lakini ikiwa hali inaruhusu siku moja au mbili, kuna njia ya kurudi kwake kwanza: "Nilikuahidi sitasema. Nimeshindwa kuibeba hii peke yangu, na nakupenda kuliko ile ahadi. Tuchague wote wawili nani awe wa kwanza kujua." Hapo hachagui kama msaada uje, anachagua uingie kwa mlango gani. Anaweza kukasirika. Anaweza kususa siku mbili tatu. Unaijua hasara ya upande wa pili, umeiandika mwenyewe kwenye barua.

Kuhusu mumeo, umesema "najua atakachofanya". Ulishawahi kumwona akifanya hivyo, au unakisia kutokana na hasira zake kwenye mambo mengine? Nauliza kwa sababu huyu ndiye kaka aliyempokea mdogo wake mama alipomfungia mlango. Ukiamua kumwambia, usimwambie akiwa kwenye usukani usiku barabara ya Tunduma. Subiri apaki, au arudi. Anza kwa kumwambia unachohitaji kutoka kwake: "Baba nanii, nisikilize mpaka mwisho, halafu tuamue pamoja." Wanaume wengi hukurupuka na suluhisho kwa sababu wanaogopa, na mtu aliyepewa kazi ya kufanya hutulia. Mpe ya nauli na kadi ya bima.

Akitaja maombi, sioni haja ya kugombana naye. KCMC yenyewe ni hospitali ya makanisa, na mgonjwa anaweza kuombewa huku anatibiwa. Ninachokiogopa ni pale mzazi anayenyonyesha anapofungishwa chakula siku nyingi, au anapoambiwa aache dawa kwa imani. Mchungaji unayemwamini ukimweleza mapema anaweza hata kukusaidia kwa mama mkwe.

Machame ni jambo zito zaidi. Huenda siku moja kurudi nyumbani na kusamehewa kutamponya kuliko chochote. Kwa leo, kupandishwa kule maana yake ni kumtenga na mtu pekee anayejua kilichotokea, na kumpeleka kwa mtu ambaye hata kwenye meseji ile wifi alikuomba mtoto asipelekwe kwake. Na nyumba za kule zenye kahawa huwa na dawa za kunyunyizia mimea zikiwa stoo. Hata hapo kwako, kusanya vidonge vyote na dawa za shambani kama zipo, vitoke nyumbani kabisa, vikae kwa mtu unayemwamini. Watu husema mtu akishaamua atatafuta njia nyingine. Si kweli kwa wengi. Sri Lanka walipoziondoa sokoni dawa za kilimo zilizo kali zaidi, vifo vya kujiua nchini kote vilipungua kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Ile saa mbaya hupita, na mtu akiwa mbali na kitu cha hatari, mara nyingi huivuka akiwa hai.

Zile namba ulizopiga wala hukukosea. 988 ni ya Marekani, ilianza Julai 2022, na kutoka Moshi haikufikishi popote. Hapa kwetu kuna 116, bure, ambayo ni ya masuala ya watoto. Kwa mtu mzima aliye hatarini usiku, usipoteze muda kutafuta namba, chukua bajaji muende hospitali.

Na hospitali una mlango ambao tayari unaufahamu, ni kliniki ya mtoto. Yule nesi aliyesema uzito haupandi ameshaona nusu ya tatizo. Hakuna jirani atakayeshangaa kumwona mzazi na kadi ya kliniki mkononi. Mwombe nesi muongee pembeni, umwambie mama halali, hali chakula, na amesema hataki kuishi. Kuna dodoso fupi la maswali kumi linalotumika duniani tangu 1987 kwa wazazi wa namna hii, na swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Hata kama kliniki yenu hawalitumii, nesi anaweza kuwaandikia rufaa. Mawenzi na KCMC zote zina huduma ya afya ya akili, kwa hiyo kama jirani yuko moja, nyingine ipo. Huo ni unafuu ambao mtu wa wilaya ya mbali hana. Fedha ikiwa kikwazo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla hamjakata tamaa na kuondoka.

Mirembe hawatampeleka kwa sababu tu amesema ana huzuni. Ile ni hospitali ya taifa kule Dodoma, na wazazi wengi wenye sonona hutibiwa wakilala nyumbani kwao, kwa mazungumzo na wakati mwingine vidonge. Akiandikiwa vidonge, mseme kwamba ananyonyesha, kwa sababu zipo ambazo daktari anaweza kuchagua bila kumwachisha mtoto. Muwe na subira pia. Huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha nguvu, na hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifanyi kazi.

Aliyekutisha na polisi amechanganya mambo. Ni kweli Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inaliita jaribio la kujiua kosa. Wifi yako amewaza, na amekwambia. Kuwaza na kumweleza daktari si jaribio. Nasikitika kifungu hicho bado kipo, maana nimeona watu wakificha wagonjwa ndani kwa kukiogopa. Jirani zetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba.

Yule mwanasaikolojia uliyemwandikia mara nne ukafuta, labda ulitaka kumweleza yote kwenye meseji moja. Haihitajiki. Inatosha: "Habari, nipo Moshi. Ndugu yangu amejifungua miezi minne iliyopita, halali, na amesema hataki kuishi. Naomba kujua kama unaweza kumwona wiki hii, gharama ni kiasi gani, na kama huna nafasi unanishauri nimpeleke wapi." Usitaje jina. Akijibu, muulize amesomea wapi, kama ameshakaa na wazazi wenye sonona, na siri za mteja anazitunza vipi. Muulize pia kama ana bei ya chini kwa asiyeweza, wapo wanaopunguza wakiombwa. Mtaalamu wa kulipia ni msaada mzuri wa miezi inayokuja. Usimtegemee kwa saa nane usiku.

Mwisho nikuulize wewe. Unalala saa ngapi? Mtu mmoja tu wa pili, hata yule mteja aliyekupa namba, akishika zamu ya mchana ukalala saa mbili, utakuwa na kichwa cha kuamua haya yote. Usiku laleni chumba kimoja wewe na wifi na mtoto, hata kwa kisingizio cha baridi.

Namba yangu unayo. Mkishatoka kliniki nipigie uniambie nesi amesema nini, na kadi ya mtoto imesoma kilo ngapi.